UZI: Mti mkongwe wa bustani ya umma: urithi wake unathibitishwaje, na kwa nini wanaoupenda ndio wanaoumaliza?

#1 Mkwaju Mzee

Wakuu,

Karibu kila bustani ya umma yenye umri ina mti mmoja ambao ndio uso wake. Ukiuliza kwa nini ulindwe, unajibiwa "ni wa siku nyingi" au "hakuna mkubwa kama huo". Huenda ni kweli, lakini hiyo bado si hoja. Siku ramani ya maegesho ikifika mezani, "wa siku nyingi" hushindwa na nafasi 40 za magari. Kinachosimama ni maandishi yanayosema mti una thamani gani, kwa nani, na ushahidi uko wapi.

Ukubwa ndio unaodanganya kuliko vyote. Bustani ya mimea ya Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545, na mmea wake mkongwe kuliko yote ni mtende mfupi (Chamaerops humilis) uliopandwa 1585. Hautishi kwa urefu. Uzito wake ni kwamba Goethe, mshairi na mtafiti Mjerumani, aliuona mwaka 1786, akautumia kufikiria jinsi jani linavyobadilika umbo, na hoja hiyo akaichapisha 1790. Umejengewa nyumba yake ya vioo.

Mfano mwingine: Encephalartos woodii, mmea wa jamii ya saikadi unaofanana na mtende. Ulipatikana mmoja tu porini, dume, mwaka 1895 kwenye msitu wa oNgoye, Afrika Kusini. Yote iliyopo leo kwenye bustani za dunia ni machipukizi ya huo mmoja. Hapo ukiua mmea wa bustani unaua kipande cha spishi ambayo porini imekwisha.

Upande wa pili kuna miti ambayo sayansi yake ni ya kawaida kabisa lakini watu wameishika. Msufi wa Freetown, Sierra Leone, kama mti ni msufi tu. Uzito wake ulitokana na walowezi weusi waliopata uhuru wao na kufika pale 1792, ambao masimulizi yanasema walikusanyika chini yake. Na mtini mtakatifu wa Anuradhapura, Sri Lanka, unaohesabiwa kupandwa 288 KK ndani ya bustani ya kifalme ya Mahamewna, una imani ya Wabuddha pamoja na historia: hakuna mti mwingine uliopandwa kwa mkono wa mtu ambao tarehe yake ya kupandwa inafahamika na ni ya zamani kuushinda.

Kwa hiyo tenganisheni thamani: ya kihistoria, ya kisayansi, ya kijamii, ya kiroho, ya uzuri. Mgawanyo huu umo kwenye Mkataba wa Burra wa Australia, mwongozo wa kuhifadhi urithi uliopitishwa 1979 (ya kiroho iliongezwa 1999), na kwa miti ongeza moja: makazi ya viumbe. Chagua mbili au tatu unazoweza kuzithibitisha. Anayedai zote sita huwa hajathibitisha hata moja.

Jimbo la Victoria huko huko Australia wana mtindo wa maswali matatu ambao ni mzuri kuuiga: ni nini hasa chenye umuhimu, ni umuhimu wa aina gani, na kwa nini. Swali la kwanza ndilo watu hulipita haraka, nalo ndilo gumu. Je, ni shina na matawi tu? Au na ardhi iliyo chini yake, njia iliyopindishwa kuukwepa, mandhari yake ukiutazama kutoka langoni? Usipoandika ardhi, ardhi itachukuliwa.

#2 Karatasi

Uzi mzuri. Naongezea upande wa ushahidi, maana hapo ndipo maombi mengi ya kuorodhesha mti kama urithi hufia.

Anza na daftari la upandaji la bustani yenyewe, kama lipo. Halafu ripoti za mwaka, oda za miche, ramani za upimaji, picha za angani, kadi za posta. Usisahau vielelezo vilivyokaushwa kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa): mara nyingi kipande cha tawi kilichokatwa kwenye mti huohuo kimebandikwa na tarehe na namba ya kitalu, na tarehe ile inakupa umri wa chini usiobishaniwa.

Picha ya zamani haitoshi kutazamwa, ipimwe. Tafuta kitu ndani ya picha ambacho bado kipo na urefu wake unajulikana (dirisha, nguzo, ngazi ya jengo), simama pale mpiga picha aliposimama, piga tena. Panda la kwanza la matawi halipandi juu kadiri mti unavyokua. Kama picha ya zamani inalionyesha mita 2 na leo liko mita 5, huo ni mti mwingine.

Hili hutokea sana kwa miti iliyopandwa na wageni wa heshima. Mche hufa mwaka wa pili, mtunza bustani anapanda mwingine kimyakimya, kibao kinabaki. Sio uongo wa makusudi, ni aibu tu. Lakini ukiandika tarehe ya kibao bila kuipima, mpinzani mmoja mwenye futikamba atakuvunja kesi nzima.

Masimulizi ya wazee nayo ni ushahidi, ila ni ushahidi wa thamani ya kijamii. Yanakuambia mti umekuwa nini kwa watu. Umri yanauongeza karibu kila mara.

#3 Futikamba

Nimeitwa 😄

Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko pima kutoka upande wa juu. Kama kuna nundu au panda pale pale 1.3, shuka hadi sehemu nyembamba zaidi chini yake na uandike urefu uliopimia. Andika daima: tarehe, urefu, utepe ulipitaje. Bila hayo, kipimo cha miaka kumi ijayo hakitalingana na chako na mtaanza kubishana kama mti umesinyaa.

Shina lenye mikunjo ni mtihani wake. Msaipresi wa Tule, Oaxaca, Meksiko, ulipimwa mwaka 2005 ukapewa mzingo wa mita 42, yaani kipenyo cha mita 13.4 hivi. Ukiondoa mabonde yaliyo kati ya mikunjo, kipenyo kinashuka hadi mita 9.4 hivi. Mti ni uleule. Watu walidhani hata ni miti kadhaa iliyoungana, mpaka vinasaba vilipoonyesha ni mmoja.

Kuhusu umri: mzingo hauna jibu moja. Mti uliosimama peke yake kwenye nyasi hunenepa haraka kuliko ndugu yake wa msituni, na ukizeeka hupunguza kasi. Kugawanya mzingo kwa ukuaji wa mwaka kunafaa tu kama kiwango hicho kimetoka kwenye miti ya spishi hiyo, mahali penye udongo na mvua ile, yenye tarehe inayojulikana.

Kutoboa shina kutoa sampuli ya pete? Kwa mti wa urithi mimi nasema hapana, isipokuwa swali ni kubwa kweli. Tundu linapenya ukuta ambao mti umejijengea kuzuia ubovu. Na faida yake mara nyingi ni ndogo: kiini kimeshaoza, kwa hiyo pete za ujana hazipo, na spishi nyingi za tropiki hazina pete za mwaka zinazosomeka.

Mibuyu ndiyo iliyotufunza unyenyekevu. Hupimwa kwa kaboni mionzi, na vipimo vilionyesha kwamba mibuyu mikubwa ni mashina mengi yaliyoungana, na baadhi ya mapango ndani yake si ubovu, ni nafasi iliyoachwa katikati ya mashina. Mbuyu uitwao Panke, Zimbabwe, ulipata umri wa miaka 2,450 hivi. Ulikufa kati ya mwaka 2010 na 2011.

#4 Mkwaju Mzee

> Kutoboa shina... mimi nasema hapana

Nakubali. Na hata bila tarehe kamili kesi inasimama. Andika "ulikuwa mti mzima kwenye picha ya mwaka fulani". Hilo lina nguvu kuliko "miaka 400" isiyo na mguu.

#5 Msumeno Butu

Sasa niseme kuhusu kichwa cha uzi, maana hapa juu mmezungumza karatasi. Miti mikongwe ya bustani haifi sana kwa shoka. Inakufa kwa miguu ya watu.

Sehemu kubwa ya mizizi iko ndani ya sentimita 60 za juu, na ile inayonyonya maji na madini iko hasa kwenye 15 hadi 30 za mwanzo. Inatambaa mbali kupita ukingo wa taji, yaani mduara wa matawi na majani. Watu wakiwa wengi, udongo hushindiliwa, vinafasi vya hewa vinafungwa, maji ya mvua yanatiririka juu badala ya kuzama, mizizi inakosa oksijeni. Ubaya wake ni kwamba mti hauonyeshi mwaka huo. Una akiba. Utaona ncha za juu zinakauka baada ya miaka mingi, na lawama atapewa mdudu.

Ushahidi bora wa jambo hili ulitokea kwa bahati. Kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, kuna mwaloni wa Turner uliopandwa 1798. Kabla ya 1987 ulikuwa unadhoofika. Usiku wa dhoruba ya Oktoba 1987, iliyoangusha karibu miti 700 pale Kew, upepo uliunyanyua pamoja na sahani ya mizizi na kuurudisha chini. Wakauegemeza, wakauweka mwisho wa foleni ya kukatwa maana kazi ilikuwa nyingi. Ulipofikiwa zamu yake miaka mitatu baadaye, ulikuwa na afya kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Dhoruba ilikuwa imelegeza udongo. Tangu hapo kulegeza udongo kwa hewa ya shinikizo kukawa kazi ya kawaida kwenye miti mikongwe.

Eneo la kulinda linapigiwa hesabu hivi. Kipenyo = mzingo ÷ 3.14. Kanuni ya ujenzi ya Uingereza (BS 5837) inazidisha kipenyo mara 12 kupata nusu-kipenyo cha duara la mizizi, ikiishia mita 15. Kwa miti mikongwe ushauri wao ni mkali zaidi: mara 15, au mita 5 nje ya ukingo wa taji, lichukuliwe lililo kubwa. Mti wa mzingo wa mita 4.71 una kipenyo cha 1.5. Mara 15 ni mita 22.5 kila upande. Ndiyo, ni eneo kubwa. Ndiyo maana Mkwaju hapo juu kasema ardhi iandikwe.

#6 Kivulini

Wataalamu, swali. Tuseme kamati inataka kujenga kibaraza cha zege cha mduara kuzunguka shina, wajaze udongo mzuri ndani na kupanda maua, watu wakae ukingoni. Kuna ubaya? Mbona unauona kila mahali?

#7 Msumeno Butu

Unauona kila mahali kwa sababu mti unachukua miaka kumi au ishirini kufa nao, na aliyejenga ameshahama kazi.

Makosa yako matatu ndani ya kitu kimoja. Msingi wa zege unakata mizizi mikubwa inayoshika mti, tena karibu kabisa na shina. Udongo uliojazwa unafunika kitako: gome la shina si gome la mizizi, likikaa kwenye unyevu linaoza, na mizizi mipya inaweza kuota kuzunguka shina na kulinyonga. Na maua yanataka maji kila siku, kwa hiyo kitako hakikauki, kuvu wanapata karamu.

Ukiona shina linaingia ardhini wima kama nguzo ya simu, bila kutanuka kitako, ujue limefukiwa.

Fanya hivi badala yake. Ondoa nyasi chini ya taji kwa mkono, usilime. Tandaza vipande vya mbao na majani vilivyooza nusu, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha pengo la sentimita 20 hivi kuzunguka shina. Viti viweke nje ya ukingo wa taji, vikitazama mti. Kama njia lazima ipite juu ya mizizi, iwe daraja la mbao lililoinuliwa, nguzo zake zichimbwe kwa mkono na zihamishwe kila zinapokutana na mzizi unaozidi sentimita 2.5.

Mengine ya harakaharaka: taa za mapambo zisifungwe kwa waya kuzunguka tawi. Kibao kisipigiliwe msumari, kiwe na nguzo yake. Vinyunyizio vya nyasi visipige shina.

#8 Mizizi Saba

Niongeze kuhusu uvungu na kupogoa, kwa sababu fedha nyingi hupotea hapo.

Mti hauponi kama ngozi. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alilieleza hili vizuri: mti unafungia ubovu nyuma ya kuta na kujenga mbao mpya nje. Ukikwangua uvungu mpaka "uone mbao safi" umebomoa ukuta. Ukitoboa bomba la kutoa maji, vilevile. Ukijaza zege ndiyo kabisa: mti unayumba, zege haliyumbi, vinasagana, na unyevu unanaswa katikati. Ukikuta zege la zamani lililokwisha kumezwa na shina, liache. Kulichokonoa kunaumiza zaidi.

Shina lenye uvungu si lazima liwe dhaifu. Bomba ni imara. Kipimo kinachotajwa sana ni ukuta mzima usiopungua theluthi hivi ya nusu-kipenyo, lakini hicho ni cha kuanzia uchunguzi tu. Mti mfupi wenye taji lililopungua husimama na ukuta mwembamba kuliko huo. Gonga kwa nyundo ya plastiki kuzunguka shina, sikiliza pale sauti inapogeuka ngoma, kisha ndipo ulete mashine ya mawimbi ya sauti.

Kupogoa: tawi zito hukatwa mara tatu. Chini kwanza, sentimita 30 kutoka shina, hadi theluthi ya unene. Kisha juu, mbele kidogo ya mkato huo, tawi lianguke bila kuchana gome. Mwisho kisiki, nje ya ule ukosi uliovimba tawi linapoanzia. Usikate sambamba na shina, usipake rangi wala lami. Jeraha linalozidi sentimita 10 kwenye mti mzee pengine halitafunga kamwe, kwa hiyo afadhali kufupisha tawi kuliko kuling'oa lote. Robo ya majani kwa mara moja, ambayo mti kijana huvumilia, kwa mkongwe ni nyingi mno. Kidogo kidogo, kwa miaka.

Miega: tawi lilale juu ya mwega, lisinyanyuliwe. Weka mto mpana usiokata gome, na kitako cha mwega kisikae juu ya mzizi. Kamba za kushikilia panda zifungwe kwenye theluthi mbili ya umbali kutoka panda hadi kileleni, zikaguliwe kila mwaka.

#9 Karatasi

Na usalama? Maana wapinzani wa kuorodhesha husema "mkishautia kwenye orodha hamtaugusa hata ukiua mtu".

#10 Msumeno Butu

Hoja yao si ya kupuuzwa. Februari 2017 mtembusu wenye umri wa zaidi ya miaka 270, urefu wa mita 40, uliokuwa kwenye orodha ya miti ya urithi ya Singapore, ulianguka ndani ya bustani ya mimea pale na kumuua mgeni. Orodha haishiki mizizi.

Hatari ni vitu viwili: mti kuanguka, na mtu kuwepo. Watu wanakimbilia kukata mti wakati cha pili ni rahisi zaidi kubadilisha. Hamisha njia, hamisha viti, zungushia uzio, funga eneo upepo ukivuma. Mtembusu mwingine wa bustani hiyohiyo, ule ulio kwenye noti yao ya dola 5, umezungushiwa uzio. Ukaguzi ufanywe angalau mara mbili kwa mwaka na baada ya kila dhoruba: nyufa za udongo upande upepo unakotoka, udongo kuinuka, uyoga kitakoni, ufa mpya kwenye panda. Kila ukaguzi na picha, kutoka mahali palepale.

#11 Mizizi Saba

Kuna jambo hamjaligusa: mti utakufa. Mkataba wa Florence kuhusu bustani za kihistoria, uliopitishwa mwaka 1982 na ICOMOS, baraza la kimataifa la minara na maeneo ya kihistoria, unaiita bustani mnara ulio hai, unaoharibika na kufanywa upya. Kwa hiyo hati ya mti iseme mapema nini kitafuata.

Mtini wa Howrah, India, ni somo lenyewe. Dhoruba za 1864 na 1867 ziliuumiza, kuvu wakaingia, na shina kuu likaondolewa 1925. Mti uko hai, umekaa karibu hekta 2 kwa mizizi ya angani iliyogeuka mashina, na mizizi michanga huelekezwa ardhini kwa mianzi. Ukiambiwa onyesha mti wa asili, utaonyesha nini?

Kwa wengine wetu wenye mti wa shina moja, chukua vipandikizi sasa, mti ukiwa na nguvu, si ukiwa kitandani. Mbegu hutoa mtoto, si mti uleule. Anayetaka kuendeleza mti wenyewe achukue pingili au abebeshe, yaani aunganishe kikonyo chake kwenye mche mwingine. Weka miche hiyo sehemu mbili tofauti.

#12 Mkwaju Mzee

Hapo napingana kidogo. Kipando kinaendeleza vinasaba, hakiendelezi thamani zote. Kwa Encephalartos woodii, kipando ni kila kitu. Anuradhapura pia, maana mti wenyewe, kwa masimulizi, ulitokana na tawi la mti wa Bodh Gaya, India, ambao Buddha alipata nuru chini yake, na kupokezana huko ndiko imani yenyewe. Lakini popo wa ndani ya uvungu hawahamii kwenye mche. Msufi wa Freetown ulipoanguka kwa dhoruba tarehe 24 Mei 2023, kilichopotea ni kilichokuwa kimesimama pale. Hati iseme ni thamani ipi inaendelezwa na mche na ipi inabaki kwenye kisiki.

Na kisiki kisichimbuliwe haraka. Ule mti wa Sycamore Gap, Uingereza, uliokatwa kihuni Septemba 2023, mwaka uliofuata kisiki kilichipua.

#13 Kivulini

Asanteni. La mwisho: uyoga mgumu kama rafu umeota kitakoni, rangi ya kahawia, ukingo mweupe. Ung'olewe?

#14 Msumeno Butu

Usiung'oe. Huo ni tunda tu, kuvu mwenyewe yuko ndani ya mbao, na ukiutoa umepoteza ushahidi. Kwa maelezo yako unaweza kuwa Ganoderma, anayekula kitako na mizizi, yaani pale pale mti unaposhikia. Piga picha ukiweka rula pembeni, andika uko upande gani wa dira na sentimita ngapi kutoka ardhini, upime upana wake, urudi kupima kila miezi mitatu. Gonga shina lote kuuzunguka, na ufukue kwa mkono mizizi mikuu ya upande ule uone kama gome linatoka kirahisi. Wakati huohuo funga njia ya upande huo, kwa umbali wa urefu wa mti na nusu yake, mpaka kipimo cha mawimbi kifanyike chini kabisa ya shina. Kikifanywa kwenye usawa wa kifua kitakuambia mti ni mzima.